Ati TV Imemla Mtoto Ulimi

Benchi letu lilitengenezwa kutoka kwa kiti cha kanisa kilichovunjika mguu, na labda ndiyo sababu kila anayelikalia hudhani amepewa neno. Liko nje ya kibanda changu cha cherehani hapa Sosiot, pale lami inapoachana na njia ya matope inayoteremka kwenye mashamba ya chai. Wanaume wakishapeleka maziwa na majani, huja hapo kunywa chai ya Eddah na kumaliza matatizo ya dunia. Mkubwa wetu ni Seneta. Jina lake ni Johana, mkulima wa chai na mzee wa kanisa. Aliwahi kuwania kiti cha wadi akaanguka, lakini kuanguka kule hakukumpunguzia sauti. Daktari ni Kipkirui, anayezunguka na pikipiki akipandisha ng'ombe za watu kwa sindano, na kwa kuwa ng'ombe hawajawahi kumbishia, hapendi kubishiwa na binadamu. Antena ni Kepher, kijana ambaye wazazi wake walitoka upande wa ziwa kufanya kazi kiwandani. Yeye hutengeneza redio na TV na kupanda juu ya mabati kuelekeza madishi. Mimi wananiita Sindano. Sisemi sana, kwa sababu saa nyingi nina pini mdomoni.

Mambo haya yalianza Januari, juma lile shule zilipofunguliwa. Rodah alifika kwenye benchi asubuhi, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Rodah alikuwa akiwachunga watoto wa wachuma chai na wa akina mama wa soko, wale wadogo ambao hawajafika umri wa darasa la kwanza, katika chumba alichokodi nyuma ya mashine ya kusaga.

— Eddah, nipe ya moto, akasema. Hawa watoto watanimaliza.

— Si uko na TV? Antena akamuuliza. Nilikuuzia mwenyewe. TV ni yaya wa pili, manze. Unawasha, unakaa.

— Wewe hujaona vile wanaangalia. Mtu mkubwa akiangalia TV, ananyamaza. Hawa wanaangalia na mwili yote. Sungura akiruka, wanaruka. Kuna mmoja anataka kulisha huyo sungura mandazi, anasukumia kwa kioo mpaka kioo yote ni mafuta. Simba akitokea, wawili wanaingia chini ya sketi yangu, lakini wanaacha jicho moja nje. Hawataki kuona na hawataki kukosa.

Tukacheka. Hata Seneta alitabasamu.

— Na vita ni ya nini? Daktari akauliza. Jana nilipita nikasikia mtoto analia kama ndama.

— Vita ni ya mbele. Kila mtu anataka kukaa mbele. Na mbaya zaidi ni huyu wa Kiplangat.

Sote tulimjua huyo wa Kiplangat. Vinny, mtoto wa miaka minne, mnene wa mashavu, mwenye macho yanayokukagua kama karani. Baba yake, Kiplangat, ni dereva wa lori la kubeba majani ya chai. Mama yake ni Beldina, mchuma chai, Mjaluo aliyezaliwa hukuhuku kwenye kambi ya wachuma chai. Walioana bila kelele nyingi, jambo ambalo benchi halikuwahi kuwasamehe kabisa.

— Vinny anafanya nini? nikauliza.

— Anaenda mbele kabisa, Sindano. Anaweka shavu kwa TV, pale upande wa spika, anafunga macho. Wenzake wanampigia kelele: Vinny, unaziba! Vinny, toka! Unadhani anageuka? Mpaka wamvute sweta. Akivutwa anashtuka, na akishtuka anauma mtu.

— Kiburi, Seneta akasema.

— Na wakicheka anacheka, lakini nyuma yao. Kwanza anaangalia uso wa Chemutai.

— Chemutai ni nani?

— Kale kasichana ka mwenye mashine ya kusaga. Huyo ndiye mkubwa wao, yuko na miaka mitano. Simba akikuja, Chemutai anamgusa Vinny bega, anamfanyia hivi. Rodah akakunja vidole vyake vikawa makucha. Sungura, anasimamisha vidole juu ya kichwa. Katuni ikiisha, anageuza viganja juu, hivi. Na Vinny anamjibu na mikono vilevile. Wanaweza kukaa hivyo asubuhi mzima, hakuna neno. Wengine pia wameanza kumuiga. Sasa nyumba yangu ni mikono, mikono, mikono.

Eddah akaacha kupepea jiko.

— Na kusema? Daktari akauliza. Anasema?

— Hata mama hajasema.

— Miaka minne?

— Miaka minne.

Seneta akaweka kikombe chini polepole, kama mtu anayeweka sadaka.

— Kimya kingi kina mshindo mkuu, akasema. Siku huyo mtoto akifungua mdomo, atasema mambo ya hiyo TV na mtahama hii Sosiot.

Rodah alimaliza chai yake akarudi kwa watoto. Tungeishia hapo, tukaingia siasa au bei ya majani, lakini lori la Kiplangat likasimama ng'ambo ya barabara na Kiplangat mwenyewe akateremka. Alikuwa amevaa shati la Jumapili na ilikuwa Jumatano.

— Nimetoka shule, akasema, kabla hata ya kutusalimu. Nilipeleka Vinny nasari, sasa nimemrudisha kwa Rodah.

— Wakasemaje?

— Ticha alimuuliza jina. Akamuuliza tena. Mtoto anamwangalia tu mdomo. Ticha akaniambia nirudi mwaka ujao, ati mtoto hana lugha. Mbele ya wazazi wengine. Mtoto wangu hana lugha!

Alikaa ukingoni mwa benchi.

— Baba yangu aliniuliza jana kama nimezaa bubu. Nyinyi ni wazee. Niambieni. Hii ni nini?

Sasa, mtu akiliuliza benchi swali kwa uchungu namna hiyo, benchi lingefaa kusema hatujui. Lakini sijawahi kusikia neno hilo likitamkwa hapo.

— Ni mwanga, Daktari akaanza. Nisikilize kama mtu wa sayansi. Ndama ukimfungia kwa giza halafu umtoe kwa jua kali, anapumbaa. Hiyo TV inatoa mwanga inaingia kwa jicho, inafika kwa ubongo, inakausha maji. Ulimi inategemea hayo maji. Ndio mtoto ameanza kusema na mikono, kwa sababu mikono haihitaji maji.

— Daktari, acha uongo, Antena akasema. Watoto wa Nairobi wanaangalia TV tangu wazaliwe na wanaongea mpaka unataka kuwaziba. Shida si TV, ni chaneli. Kuna chaneli zinatoka mbali sana, hata mimi sizijui. Pengine Vinny anaongea vizuri tu, ni vile sisi hatujui hiyo lugha. Kuna nchi watu wanaongea na mikono, buda. Mtoto ameshika ya huko.

— Nchi gani?

— Huko China huko.

— Nyinyi wote mmepotea, Seneta akasema, na tukajua amefika. Kiplangat, nyumbani kwako mtoto anaongeleshwa na nani?

— Na mama yake. Mimi nashinda kwa lori.

— Kwa lugha gani?

Kiplangat akaangalia chini.

— Yake. Anamwimbia na lugha yake.

— Ndiyo hiyo! Mama Kijaluo, baba Kikipsigis, TV Kizungu. Fahali wawili wakipigana nyasi huumia, na hawa ni fahali watatu! Ulimi wa mtoto ni mmoja. Umekanyagwa.

— Mzee, pole pole hapo, Antena akasema. Kijaluo imekosa nini? Mimi nimezaliwa hapa, naongea Kikipsigis kuliko hao watoto wako walio Nairobi. Ulimi yangu imekanyagwa na nani?

— Wewe ulikuwa na bahati.

— Bahati gani! Sema tu hupendi vile Beldina aliolewa.

— Mimi sijataja mtu.

— Umetaja.

Eddah akaingilia kati, na kijiko kikiwa bado mkononi.

— Kwani mama kumwimbia mtoto kunaharibu nini? Sisi wote si tuliimbiwa?

Kwenye benchi letu, anayemimina chai husikika anapotangaza bei tu.

Seneta akampigapiga Kiplangat begani. Alizungumza taratibu, kwa ile sauti ya kufungia mkutano.

— Kijana, fanya hivi. Mtoe kwa hiyo TV leo. Mwambie mama yake aache hiyo lugha, nyumba iwe na moja. Na kiboko kidogo, si cha kuumiza, cha kufungua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kiplangat alitushukuru. Nataka hilo lijulikane. Alisimama akatupa mkono mmoja mmoja, akavuka barabara na kwenda moja kwa moja nyuma ya mashine ya kusaga. Kutoka kwenye kibanda changu nilimwona akitoka na Vinny amembeba begani kama gunia. Mtoto alikuwa ameinua mikono yote miwili kuelekea mlangoni, viganja juu. Chemutai alisimama kizingitini, naye viganja juu.

Jumapili hiyo Seneta alipewa nafasi ya matangazo kanisani. Hakumtaja Rodah. Alisema tu kwamba kuna nyumba katika soko letu ambapo TV inawala watoto ulimi, na mzazi mwenye hekima ataelewa. Jumatatu watoto wakapungua. Rodah akaizima TV, akaifunika kwa kitambaa, akawa anawaimbisha watoto mchana kutwa ili wapita njia wasikie kuwa wana ndimi. Haikusaidia. Mama mmoja alikuja akamwambia usoni kwamba mwanawe sasa anaruka kama sungura usingizini. Mwingine alisema wake anaunguruma. Hakuna aliyesema kwamba watoto wa umri huo ndivyo walivyo, TV iwepo au isiwepo. Kabla mwezi haujaisha chumba kilikuwa kitupu, na Rodah alifunga virago akaenda kwa dada yake huko Merigi. Alinipitia kuniaga.

— Sindano, hao watoto sasa wako wapi mchana? akaniuliza. Wengine wamefungiwa ndani na kufuli. Naskia wengine wanalazwa chini ya majani ya chai na mama anachuma. Nyinyi mmewaokoa kutoka kwa nini?

Niliondoa pini mdomoni, nikazitazama kiganjani, nikazirudisha.

TV yenyewe Antena aliichukua na toroli. Aliitundika kwenye ukuta wa duka lililo karibu na benchi, na tangu siku hiyo, mechi ikianza, Seneta na Daktari hukaa chini yake wameachama, mtu akisimama mbele wanampigia kelele kwamba anaziba. Hakuna ulimi uliopotea.

Kwa Kiplangat, sheria ya benchi ilishikwa vizuri kuliko sheria ya serikali. Beldina alikatazwa lugha yake. Alikuwa mwanamke wa kupita njia akiimba, kikapu cha chai mgongoni na mtoto mkononi. Sasa alipita kimya. Mama yake, ambaye siku hizi amerudi kwao Ahero, akimpigia simu, alitoka nje ya nyumba kuongea, kama mtu anayevuta sigara kwa siri. Siku moja aliniletea aproni yake nishone mfuko, na nikamsikia akimsemesha Vinny kwa Kikipsigis. Aliyachagua maneno moja moja, akiyaweka kwa uangalifu, mfano wa mtu anayevuka mto juu ya mawe. Vinny hakumtazama. Alikuwa anatazama sindano ya cherehani ikipanda na kushuka, ameweka kiganja juu ya meza kuhisi inavyotetemeka, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka bila kumwangalia mtu mwingine.

— Anapenda mashine, nikasema.

— Hapendi tena kitu kingine, Beldina akajibu. Kila siku anatoroka anaenda kwa dirisha ya huko kwa mashine ya kusaga. Anamfanyia Chemutai vidole. Jana mama ya Chemutai alifunga dirisha.

Mvua ya Machi ilipoanza, mambo yakarudi kwenye benchi. Asubuhi hiyo ilinyesha mfululizo, na benchi tulikuwa tumelisogeza chini ya mabati yangu, tumebanana. Seneta, Daktari, Antena, Eddah na jiko lake. Kulikuwa pia na mwanamke mgeni, Janefer, aliyeolewa juzijuzi nyumba ya chini ya kanisa. Alileta sketi iliyoharibika zipu, na mvua ikamfungia hapo. Alikaa pembeni, akaitikia salamu.

Beldina alikuja akiwa amembeba Vinny kifuani, wote wawili wamelowa. Hakukaa. Alisimama mbele ya Seneta maji yakimtiririka usoni.

— Mzee, shikamoo.

— Marahaba. Mbona unanyeshewa na mtoto?

— Nimekuja kwako. Wewe ndiye uliambia Kiplangat kuna mtu upande wa Bomet anakata watoto chini ya ulimi.

Eddah akageuka.

— Anakata nini?

— Chini ya ulimi. Na wembe. Ati ulimi umefungwa. Kiplangat anampeleka Jumamosi. Nimelia, nimepiga magoti, hasikii. Anasema wazee wameamua. Sasa nimekuja kwa wazee. Mwambieni aache.

Seneta akakohoa.

— Mama Vinny, hiyo ni jambo ndogo. Kitone kimoja cha damu. Watoto wengi wamefunguliwa.

— Wewe umeona nani?

— Nimesikia.

— Umesikia!

— Tatizo ni kwamba hamkufuata nilivyosema. Mimi najua bado unamwimbia hiyo lugha.

— Sijaimba tangu Januari, Beldina akasema. Sauti yake haikupanda. Mzee, mimi sijaimbia mtoto wangu tangu Januari. Usiku akilia namshika tu. TV hakuna. Rodah hakuna. Chemutai amefungiwa dirisha. Kiboko kipo, angalia miguu. Akainua suruali ya mtoto tukaona alama za fimbo. Sasa mmebakisha ulimi.

Nilisimamisha cherehani. Vinny alikuwa ameegemea shingo ya mama yake, anatuangalia midomo, mmoja baada ya mwingine, kila anayeongea na zamu yake.

Huo ndio wakati watu wenye aibu wangekubali wamekosea. Lakini benchi likapata moto.

— Mimi sikubaliani na wembe, Daktari akasema. Ng'ombe hakatwi ulimi ndio alie. Hii sasa naona ni mambo ya damu. Damu ya baba na damu ya mama zikikataana, mtoto anatoka bila sauti. Kama nyumbu, yule wa punda na farasi. Nyumbu hazai, sindio? Huyu hasemi.

— Daktari, umemwita mtoto wa mtu nyumbu? Antena akasimama. Mbele ya mama yake?

— Natoa mfano!

— Basi nikwambie ukweli. Ni huo mlingoti wa simu uliwekwa huko juu kwa kilima. Mtoto alizaliwa mwaka huohuo. Hiyo mawimbi inabeba maneno ya watu wote, sindio? Inapita hapa, inazoa na yetu. Mtoto anasema, mlingoti unabeba. Pengine maneno ya Vinny yako kwa simu ya mtu huko Kisumu saa hii.

— Ujinga, Seneta akasema. Mimi nitauliza jambo moja tu, na msinikasirikie. Kwa ukoo wa mama, kuna mtu alilaaniwa?

Beldina aliangalia mvua.

— Nauliza kwa sababu huyu mtoto ni mkaidi kupita kawaida. Nimemwita mimi mwenyewe kanisani, mara nyingi, amenipa mgongo. Mzee wa kanisa! Wenzake wanakimbia, yeye anatembea. Kiboko hakisaidii. Maombi hayasaidii. Sikio la kufa halisikii dawa.

Yule mgeni, Janefer, alikuwa amekunja sketi yake mapajani. Alimtazama Seneta, akamtazama mtoto, kisha akamtazama Beldina. Hakuuliza kwa ujuzi wala kwa ubishi. Aliuliza vile mtu huuliza njia ya kwenda kituo.

— Samahani. Kwani anasikia?

— Nani? Daktari akauliza.

— Mtoto. Anasikia?

Antena alifungua mdomo, akaufunga. Daktari alichungulia ndani ya kikombe chake. Nilimtazama Seneta nikiamini kwamba yeye hatakosa jibu, maana hajawahi kukosa. Seneta alikuwa anaangalia masikio ya Vinny. Masikio mawili mazuri, yaliyosimama, yaliyolowa mvua. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa anayaangalia hayo masikio kwa mara ya kwanza.

Beldina akamteremsha mtoto taratibu. Akamsimamisha ukingoni mwa mabati, anaangalia barabara, na yeye akarudi nyuma hatua chache mpaka mgongo wake ukagusa cherehani yangu.

— Vinny, akaita.

Mtoto alikuwa amekinga mkono, anashika matone yanayodondoka kwenye mabati.

— Vinny!

Mwenye bucha ng'ambo ya barabara akainua kichwa. Mtoto hakugeuka.

Beldina akavuta pumzi. Akamwita kwa ile lugha aliyokatazwa, kwa sauti ambayo sikujua mwanamke mwembamba vile anayo.

— Vinny! Nyathina! Nyathina, bi!

Watu wakatoka madukani. Mtu wa pikipiki akasimama katikati ya mvua. Soko lote liligeuka kumtazama yule mama anayemwita mtoto wake aje, isipokuwa mtoto mwenyewe. Yeye alijaza kiganja maji, akayamwaga, akaanza kujaza tena.

Beldina alijishika mdomo. Hakulia kwa sauti. Alisema maneno machache tu, na hakumwambia yeyote kati yetu.

— Na nilikuwa nimenyamaza. Nimenyamaza hii miezi yote kwa mtu ambaye...

Hakumaliza. Alikwenda akapiga goti mbele ya mtoto, mahali ambapo angemwona. Vinny alitabasamu. Beldina akainua mikono yake, akaishikilia hewani, na tukaona hajui la kufanya nayo. Hakuna aliyemfundisha. Waliojua walikuwa watoto wa pale nyuma ya mashine ya kusaga, na watoto wale tuliwatawanya. Mwishowe akamkumbatia tu, akamfunga mgongoni na leso.

— Naenda Kericho, hospitali kubwa, akasema. Waniambie wao. Kiplangat akiuliza, mwambieni hivyo.

— Ngoja mvua ipungue, Eddah akamwambia.

— Nimengoja sana.

Alitoka akaelekea steji ya matatu. Janefer alisimama, akaniachia sketi yake bila kuuliza itakuwa tayari lini, akamfuata mbio na mwavuli. Hapo ndipo Seneta alipopata tena sauti yake. Aliinuka, akaitoa yote.

— Mama Vinny! Huwezi kwenda bila ruhusa ya mume! Mama Vinny! Rudi hapa tuongee kama watu wazima!

Beldina alimsikia. Alimsikia vizuri sana, kwa sababu nilimwona mgongo ukikakamaa chini ya ile leso. Hakugeuka.

Seneta akakaa. Kisha Daktari akasema kwamba hata ng'ombe, kuna wale huzaliwa hivyo, na mara nyingi ni kwa sababu ya chumvi. Antena akasema haiwezi kuwa chumvi. Seneta akasema kama ni chumvi basi angejua. Daktari akanyoosha mkono na kikombe chake kwa Eddah, bila kumtazama, kama anavyofanya kila siku.

— Niongezee.

Eddah alikuwa ndiyo kwanza ameepua sufuria, chai imejaa hadi kingo, inafuka mvuke. Akachukua kikombe mkononi mwa Daktari. Akachukua cha Antena. Akachukua cha Seneta, kikiwa bado na nusu, akaimwaga kwenye matope.

— Chai imeisha, akasema.